Haki Haina Jamaa: Nasaha kwa Wanaokwenda Mafunzo ya Sheria

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyejiharamishia dhulma na akaiharamisha baina ya waja wake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Jioni moja, baada ya darsa ya Magharibi, kijana wa mwaka wa tatu wa sheria alibaki msikitini wenzake walipotoka. Alikuwa anajaza maombi ya kwenda Arusha kufanya mafunzo kwa vitendo, hii tunayoiita staji. Akaniuliza: “Ustadh, nikifika kule nikapewa faili la mtu wa kwetu, mwenye jina kama la kwetu, nifanye nini?” Nilimjibu kwa maneno machache, kwa sababu adhana ya Isha ilikuwa imekaribia. Leo namjibu kwa urefu, kwa kuwa najua swali hilo wanalo wengi miongoni mwenu, wa kike na wa kiume, ila wanaona haya kuliuliza.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 955 la kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ikawekwa Arusha, Tanzania. Mahakama ile iliwashitaki watu 93. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa Taba, na hiyo ikawa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Katika hukumu hiyo hiyo majaji walisema kwamba kuwabaka wanawake kunaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Mahakama ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2015. Chombo kilichorithi kazi zake kilianza Arusha tarehe 1 Julai 2012, nacho kilipewa jukumu la kuwalinda mashahidi, kutunza nyaraka na kumalizia mambo yaliyobaki. Mji huo huo una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na pia Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana mwanafunzi wa sheria wa ukanda huu akifikiria staji, macho yake huelekea Arusha kabla hayajafika The Hague.

Wapo wanaouliza kama inamfaa Muislamu kuhudumu katika mahakama zilizoundwa na mataifa, zenye majaji wa dini mbalimbali na wasio na dini. Mwenye kuuliza hivyo na asome habari za Hilful-Fudhul. Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa kijana, kabla ya kupewa utume, mfanyabiashara mgeni aliingia Makka, akauza bidhaa yake kwa mkubwa mmoja wa mji, naye akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na kabila pale la kumtetea. Baadhi ya koo za Makureshi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud’an, wakaapa kwamba watasimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Waliokaa katika nyumba ile walikuwa washirikina, na kijana Muhammad alikaa pamoja nao. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume wa Allah, aliikumbuka ahadi ile kwa furaha, akaeleza kwamba asingekubali kuibadilisha kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu, angeitika.

Basi kumrudishia aliyedhulumiwa haki yake ni jambo jema, hata kama uliyekaa naye meza moja hakubaliani nawe katika sala. Ila mwenye kuitika wito huo ana masharti ya kuyatimiza, na hayo ndiyo makusudio ya maneno yangu ya leo.

Deraya na gunia la unga

Fungueni Suratun-Nisaa, aya ya 105 mpaka 113, muisome pamoja na sababu ya kushuka kwake. Wanazuoni wa tafsiri wanasimulia kwamba mtu wa ukoo wa Ubayriq, katika watu wa Madina waliojionyesha kuwa Waislamu, aliiba deraya ya jirani yake. Katika riwaya moja, aliibeba ndani ya gunia la unga lililotoboka, na unga ukamwagika njiani. Alipoona atagundulika, akaiweka deraya nyumbani kwa Myahudi mmoja. Alama za unga zikafuatwa, deraya ikakutwa kwa Myahudi, naye akawa mshitakiwa.

Jamaa za mwizi walijua ukweli. Usiku walikaa wakapanga maneno, na asubuhi wakamwendea Mtume (s.a.w.) wakamwomba amtetee mtu wao. Ushahidi wa macho ulikuwa upande wao: kitu kimekutwa nyumbani kwa mwingine. Udugu wa dini ulikuwa upande wao pia. Mshitakiwa hakuwa na jamaa wa kumsemea.

Ndipo aya zikashuka. Allah alimkataza Mtume wake kuwa mtetezi wa wenye khiyana, akafichua njama iliyopangwa usiku, na akawaambia wale jamaa kwamba hata wakimtetea mtu wao katika maisha haya ya dunia, hakuna atakayemtetea mbele Yake Siku ya Kiyama. Kisha akabainisha kwamba mwenye kutenda kosa na kumtupia asiyekuwa nalo amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Ndugu zangu, aya tisa zilishuka kutoka mbinguni kumsafisha Myahudi mmoja wa Madina asiandikiwe wizi wa mtu aliyekuwa akisimama safu moja na Waislamu. Mpaka leo tunazisoma katika sala zetu.

Bugarama

Sasa nirudi kwa kijana wetu na swali la mtu wa kwetu.

Tunapozungumzia mwaka 1994, sisi Waislamu wa Rwanda hupenda kutaja jambo moja, nalo ni kweli: Waislamu wengi waliwaficha majirani zao Watutsi, wengine kwa kuhatarisha roho zao. Watu walioliona hilo waliingia katika Uislamu kwa ajili yake. Alhamdulillah. Ni sadaka ya wazee wetu na hakuna wa kuifuta.

Lakini hapa Rusizi, iliyoitwa Cyangugu wakati huo, kuna faili jingine. Mtu wa Bugarama, mkulima na mfanyabiashara, jina lake la kwanza likiwa Yussuf, alikamatwa Kongo mwaka 2004 na kupelekwa Arusha. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi kwa mauaji ya kimbari na kwa kuangamiza watu kama jinai dhidi ya ubinadamu, ikampa kifungo cha miaka 25. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikakithibitisha kifungo hicho. Kosa lake lilihusu parokia mbili mnazozijua, Shangi tarehe 29 Aprili 1994 na Mibilizi siku iliyofuata, ambako Watutsi walikuwa wamekimbilia wakitafuta usalama. Hiyo tarehe 29 Aprili ilikuwa siku ya Ijumaa.

Simtaji ili tumsengenye. Hukumu yake ni ya wazi na imeandikwa. Namtaja kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wazima wakisema, tena ndani ya msikiti, kwamba faili hilo tusilifungue kwa kuwa linatuaibisha. Huo ndio ule mkutano wa usiku wa jamaa za Ubayriq. Aibu ilikuwa katika kitendo, na kitendo kimeshapita. Kukificha ni aibu ya pili, na hii itakuwa yetu wenyewe. Suratun-Nisaa aya ya 135 inatuamrisha tuwe wasimamizi imara wa uadilifu na mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Kijana aliyeniuliza jina la mtu likifanana na lake afanye nini, jibu lake liko hapo: asome faili kama linavyosomwa faili lolote.

Tena aangalie majaji walivyofanya kazi yao. Kwa Munyakazi yaliletwa mashtaka mengi kuliko hayo mawili. Yaliyothibiti waliyashika, yasiyothibiti wakayaacha, ingawa aliyekuwa mbele yao ni yule yule. Kutenganisha hivyo ni uadilifu, na ndicho utakachokwenda kujifunza katika staji, kuliko kifungu chochote cha sheria.

Upande wa pili wa mizani

Suratul-Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Hapa mtihani unageuka. Jamaa za Ubayriq walidhulumu kwa mapenzi, na wengine hudhulumu kwa hasira ya haki.

Mfano wake pia uko hapa hapa. Kesi iliyoitwa ya Cyangugu ilikuwa na washitakiwa watatu: André Ntagerura, aliyekuwa waziri, Emmanuel Bagambiki, aliyekuwa préfet wa Cyangugu, na Samuel Imanishimwe, aliyekuwa mkuu wa kambi ya jeshi ya Karambo. Tarehe 25 Februari 2004 majaji waliwaachilia huru wawili wa mwanzo kwa kuwa mashtaka hayakuthibitishwa, wakampa wa tatu miaka 27. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ilithibitisha kuachiliwa kwa wale wawili, na kifungo cha Imanishimwe ikakipunguza mpaka miaka 12.

Hapa Rusizi kuna waliolia siku ile, na mwenye moyo hawezi kuwalaumu. Watu walitolewa katika uwanja wa Kamarampaka wakaenda kuuawa. Damu ile ilimwagika, na mahakama haikusema vinginevyo. Mwaka huo huo wa 2006, mwezi Juni, mahakama ya rufaa ya Arusha iliamua kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana kiasi kwamba halihitaji tena kuthibitishwa kesi kwa kesi. Basi shikeni mambo mawili kwa pamoja: jinai ilitokea bila shaka yoyote, na hatia ya mtu mmoja mmoja lazima ithibitishwe. Mwenye kutumia la pili kulikana la kwanza amewadhulumu waliokufa. Na mwenye kutumia la kwanza kulifuta la pili ameirudisha ile njia ya unga mpaka mlangoni kwa asiyeiba.

Kutokana na hayo, nalijibu swali la dada mmoja wa mwaka wa nne: je, inajuzu staji yangu iwe kwa mawakili wa utetezi? Baadhi ya wenzake wamemwambia ni haramu, na hoja yao ni aya ile ile ya kutokuwa mtetezi wa wenye khiyana.

Dada yangu, tazama nani alikatazwa na kwa nini. Waliolaumiwa ni watu waliojua ukweli kisha wakapanga uongo. Na yule Myahudi alikuwa nani? Alikuwa mshitakiwa, ushahidi ukiwa juu yake, asiye na wa kumtetea, na utetezi wake uliteremka kwa wahyi. Leo wahyi umekatika. Mshitakiwa asiye na hatia hana tena aya itakayoshuka kumsafisha. Anahitaji mtu mwenye subira atakayeinama kuifuata njia ya unga na kuuliza gunia lilitoka wapi. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) kuwa kadhi Yemen, Ali alisema kwamba yeye bado ni kijana na hana ujuzi wa kuhukumu. Mtume akamtuliza moyo, akamfundisha kwamba wagombanao wawili wakikaa mbele yake asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Bila utetezi, huyo wa pili hasikilizwi.

Kwa hiyo nenda, kwa sharti kwamba hutatunga uongo, hutamfundisha shahidi la kusema, na hutaficha unalolijua ili haki ipotee. Ukiamrishwa mojawapo ya hayo, ondoka, hata kama barua ya sifa itakosekana. Katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba yeye ni binadamu na huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, basi mwenye kukatiwa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ulimi hodari ni neema, nao unaweza kuwa kuni za moto huo.

Amana ya majina

Wengi mnadhani staji katika mahakama ni kusimama na joho mbele ya majaji. Ukweli ni kwamba utapewa kurasa. Utasoma maelfu ya mistari ya ushahidi na kuandika muhtasari. Utatafuta hukumu za zamani zinazofanana na kesi, utapanga vielelezo, utalinganisha tarehe. Shahidi alizungumza Kinyarwanda, maneno yake yakafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na mtu wa mbali anasoma tafsiri tu. Wewe wa Rusizi unajua neno linavyosemwa kwetu na unajua kilima kipi kiko karibu na kipi. Hiyo ni elimu uliyopewa na Allah bila ada.

Lakini kujua huko kuna hatari yake. Mashahidi wengi wa Arusha walitolewa majina yao wakaitwa kwa herufi, ili wasidhuriwe na wasiogope. Mgeni akisoma mwanamke fulani mwenye duka karibu na parokia fulani, kwake ni herufi tu. Wewe ukisoma hivyo, unamjua ni mama wa nani. Hapo ndipo imani yako itapimwa. Usimwambie mwenzako wa chumba. Usimwambie mama yako kwa simu, wala usiandike katika kundi la WhatsApp. Jua kwamba mwaka 2009 mahakama ya Arusha ilimfunga mpelelezi wa upande wa utetezi miezi 10 kwa sababu alikutana na mashahidi waliolindwa na kutoa habari zao kinyume na amri. Kabla ya kifungo cha dunia, Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha kwamba miongoni mwa alama za mnafiki ni kufanya khiyana anapoaminiwa.

Na ukikuta faili linamhusu ndugu yako au mtu aliyeidhuru familia yako, mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo, uombe kuondolewa. Kukaa kimya ni khiyana kwa pande zote mbili.

Nia na nauli

Mwisho, tuseme kuhusu mfuko. Staji nyingi za Umoja wa Mataifa hazina mshahara. Nauli, viza, chumba na chakula ni juu yako, na muda wake kwa kawaida ni kati ya miezi miwili na sita. The Hague nako nafasi nyingi hazilipwi, ingawa kuna mfuko wa kuwasaidia baadhi ya waombaji kutoka nchi zinazoendelea. Ulizeni habari zake kabla ya kukata tamaa. Usichukue mkopo wa riba kwa ajili ya staji. Huwezi kuianza njia ya haki kwa kutangaza vita na Allah. Usiuze ng’ombe wa mzee wako bila radhi yake ya kweli, wala usimfiche kwamba hakuna mshahara.

Na wewe usiye na nauli, usijione umekosa. Katika kila wilaya ya Rwanda kuna MAJ, nyumba ya msaada wa sheria, ambako mjane huja na karatasi ya shamba asiyoweza kuisoma. Karibu na kwenu kuna Abunzi, wanaosuluhisha kesi ndogo za majirani. Nyanza kuna chumba cha Mahakama Kuu kinachosikiliza jinai za kimataifa. Nchi hii, kupitia Gacaca, ilisikiliza karibu kesi milioni mbili mpaka zilipofungwa mwaka 2012, na watu waliosikiliza kesi hizo walikaa juu ya nyasi, wengi wao bila shahada yoyote. Hilful-Fudhul ilianza kwa ajili ya deni la mtu mmoja. Mwenye kuidharau haki ya mjane wa Kamembe hataisimamia vizuri haki ya taifa zima huko Arusha.

Na sisi wa jumuiya tuna wajibu. Wanafunzi mia wakitoa kidogo kila Ijumaa, kila mwaka tutampeleka mmoja wetu, Muislamu au jirani yake, kwa kuwa wa kwanza kufaidika ni aliyedhulumiwa. Naleta pendekezo hili mbele ya viongozi wetu, na mimi nitatoa wa kwanza, inshaallah.

Kijana wangu uliyebaki msikitini, fikisha maombi yako. Siku utakayofungua faili ukakuta jina kama lako, soma Bismillah, kisha soma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, useme yaliyomo. Utakapoulizwa Siku ya Kiyama, hutaulizwa jina la mshitakiwa lilikuwa la dini gani.

Ewe Mola wetu, warehemu waliouawa Shangi, Mibilizi, Kamarampaka na kila kilima cha nchi hii. Wape subira waliobaki. Walinde mashahidi waliosema kweli, na uwasafishe waliosingiziwa. Wape vijana wetu elimu yenye manufaa, ndimi za ukweli na mikono isiyopokea rushwa. Na usitujaalie kuwa watetezi wa wenye khiyana, wawe mbali nasi au wawe ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.